Kitabu cha Kikundi, Akaunti ya Nani?

Oktoba 2005 mafundi kadhaa wa mitandao isiyotumia waya walikutana London wakaweka mezani mambo ambayo kila mmoja wao alikuwa akiyafundisha kivyake: kusimika mnara, kupiga hesabu za antena, kupeleka intaneti mahali ambapo hata nguzo ya umeme haijafika. Wazo la kuyageuza hayo kuwa kitabu, tena kwa mkupuo, lilitoka kwa Tomas Krag wa Denmark. Maarifa yenyewe yalikuwa yamekwisha tapakaa kwenye intaneti, ila aliyeyahitaji zaidi ndiye ambaye intaneti ilikuwa haijamfikia, na mtu huyo angefaidi karatasi kuliko faili. Baada ya London waliendelea kuandika na kuhariri kwa miezi kadhaa, kila mtu akiwa kwao, na Januari 2006 kikatoka *Wireless Networking in the Developing World*. Faili lilikuwa bure kwa yeyote. Aliyetaka nakala ya kushika mkononi aliiagiza kwa Lulu, kampuni ya Marekani, nayo ikamchapia hiyo moja na kumtumia.

Miongoni mwa waandishi alikuwamo Alberto Escudero-Pascual, ambaye wenye kumbukumbu ndefu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watamkumbuka kwa mradi uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Kwa hiyo habari hii haiko mbali nasi kama inavyoweza kudhaniwa. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya nchi za namna yetu, na watu wa kundi, bila ghala na bila mchapishaji mkubwa nyuma yao.

Tangu siku hizo kuchapa kwa oda namna hiyo, nakala moja moja kadiri inavyoagizwa, kumekuwa ushauri wa kwanza ambao kikundi chochote cha kujitolea hupewa kikisema kina muswada. Kamati ya historia ya parokia, chama cha wapanda milima, wauguzi wastaafu walioandika mwongozo wa kutunza wagonjwa nyumbani, wote huambiwa jambo lile lile: msihangaike na mtambo wa uchapaji, pakieni faili, kitabu kitajiuza. Nusu ya ushauri huo ni kweli. Kuchapa kwa oda kunaondoa tatizo la fedha ya kuanzia. Lakini kunaliacha wazi, na mara nyingi kunalifanya gumu zaidi, swali ambalo mchapishaji wa zamani alilijibu bila kuulizwa: kitabu hiki ni cha nani, na nani atakijibia?

Tuanze na fedha, maana ndiyo sehemu iliyo rahisi. Mtambo wa ofseti una gharama kubwa kabla karatasi ya kwanza haijatoka safi: kutengeneza plati, kupanga mashine, kupoteza mafungu ya karatasi mpaka wino ukae sawa. Gharama hiyo ni ileile ukichapa nakala 50 au 2,000, ndiyo maana mwenye mtambo hukushawishi uchukue nyingi. Kikundi kinachanga, kinachapa elfu moja, kinauza mia mbili siku ya uzinduzi kwa ndugu na jamaa, na maboksi yaliyobaki yanahamia nyumbani kwa mweka hazina. Mashine za kidijitali ziliivunja hesabu hiyo. Kampuni ya usambazaji ya Ingram ilianzisha Lightning Print mwaka 1997 huko La Vergne, Tennessee, hasa kwa vitabu ambavyo wachapishaji walikuwa wamevikatia tamaa. Mwaka 2002 Bob Young, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya programu ya Red Hat, akaanzisha Lulu na kumfungulia mlango mtu yeyote mwenye faili. Amazon ikanunua kampuni mbili za kazi hiyo mwaka 2005, na kwazo ikajenga huduma iliyoitwa CreateSpace.

Hesabu ya leo ni hii. Kwa viwango ambavyo Amazon iliviweka mwaka 2023 kwa soko la Marekani, kitabu cha jalada laini chenye kurasa 300 za wino mweusi hugharimu dola 1 pamoja na senti 1.2 kwa kila ukurasa, yaani dola 4.60. Kikiuzwa dola 12 kwenye tovuti yao, kikundi kinahesabiwa asilimia 60 ya bei, dola 7.20, kisha inakatwa gharama ya kuchapa. Zinabaki dola 2.60. Kitabu hichohicho kikipitia kwa wauzaji wa jumla ili maduka mengine nayo yakipate, asilimia inashuka hadi 40: dola 4.80 ukitoa 4.60, kikundi kinapata senti 20. Na kwa kuwa Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, mrabaha wa mauzo ya huko hukatwa asilimia 30 kabla ya kutumwa. Zile dola 2.60 zinakuwa 1.82, nazo hufika takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kwisha.

Sisemi ni haba. Kikundi hakikutoa senti ya kuanzia, na senti 20 bila deni ni bora kuliko deni lenye maboksi. Ila anayedhani kitabu cha namna hii kitajenga zahanati aifanye hesabu hiyo kwanza, halafu aizidishe kwa idadi ya wasomaji anaowajua kwa majina.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mfumo wa kuchapa kwa oda hauijui kamati. Unamjua mwenye akaunti: mtu mmoja au kampuni moja, yenye namba ya kodi, akaunti ya benki na nywila. Fomu ya kodi ya Marekani ambayo mwenye akaunti hujaza ina upande wa mtu binafsi na upande wa taasisi, na jibu litakalotolewa hapo, aghalabu usiku mmoja na kijana wa kikundi anayejua kompyuta, ndilo linaloamua kisheria fedha ni za nani. Kikundi kisichosajiliwa kitajaza jina la mtu. Mtu huyo atapata mrabaha kwa jina lake, atadaiwa kodi kwa jina lake, na akihama, akigombana na wenzake au akifariki, kitabu kinabaki naye. Hakuna anayeiba kitu hapo. Ni utaratibu unaofanya kazi kama ulivyopangwa, nao haukupangwa kwa ajili ya vikundi.

Wakati mwingine mambo hulazimishwa na kampuni yenyewe. Mwaka 2018 Amazon iliifunga CreateSpace na kuhamishia vitabu vyake kwenye huduma nyingine ya kampuni hiyohiyo, KDP. Kwa mwandishi mmoja ilikuwa kazi ya kubonyeza mara chache na kusoma masharti mapya. Kwa kikundi ambacho aliyefungua akaunti alikwisha ondoka na barua pepe yake ilikwisha kufa, kazi ile ile iligeuka upelelezi.

Kundi moja lililolitatua jambo hili vizuri ni la waandishi wa miongozo ya OpenOffice.org. Walikuwa watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, wakiandika maelezo ya programu ya bure, na vitabu vyao vilichapwa na kuuzwa kupitia Lulu. Jean Hollis Weber, mwandishi wa vitabu vya kiufundi anayeishi Australia, alikuwa mmoja wa viongozi wao. Hawakuiacha fedha iingie mfukoni mwa yeyote. Walisajili huko Australia chama kidogo cha kujitolea, Friends of OpenDocument, nacho kikawa mchapishaji. Vitabu vyenyewe vilimweleza mnunuzi wazi kwamba waandishi ni watu wa kujitolea, kwamba faili linapatikana bure, na kwamba faida ya nakala ya karatasi itaifaidi jumuiya iliyoviandika.

Ahadi ya namna hiyo ikishachapwa inahitaji mweka hazina, daftari na mkutano wa mwaka, na hivyo ndivyo vitu ambavyo chama kilichosajiliwa kinavyo. Jina la chama nalo lilikuja kufaa kuliko ambavyo pengine lilitarajiwa. Septemba 2010 sehemu kubwa ya jumuiya ya OpenOffice.org ilijitenga na kuanzisha LibreOffice. Chama kilichojiita kwa jina la programu kingelazimika kuchagua upande au kubadili jina. Hiki kilikuwa kimejiita kwa jina la aina ya faili ambayo programu zote mbili zinaitumia, kwa hiyo kiliendelea kuchapisha vitabu vya pande zote.

Kwetu njia ya kusajili ipo, na si ndefu kama wengi wanavyoogopa. Kenya ilipitisha mwaka 2022 sheria ya kusajili vikundi vya kijamii. Tanzania vikundi vidogo husajiliwa halmashauri kupitia kwa maofisa maendeleo ya jamii. Cheti hicho hufungua akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na akaunti hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa kwenye fomu ya kampuni ya uchapaji. Ningeshauri pia kuwepo anwani ya barua pepe ya kikundi, si ya katibu, na nywila zikae kwa watu wawili. Ni mambo madogo ya kuchosha, lakini vikundi vingi vina katiba yenye kifungu kuhusu sare huku havina hata mstari mmoja kuhusu nywila.

Umiliki una upande mwingine ambao fedha haiuonyeshi. Kitabu cha watu 15 ni kazi ya watu 15, na pasipo maandishi kila mmoja anabaki na hakimiliki ya sura yake. Siku mmoja akiondoka na sura yake, hakuna wa kumzuia. Makundi niliyoyataja yalimaliza hilo mapema kwa leseni huria. Kila anayechangia anakubali tangu mwanzo kwamba kazi yake inaweza kunakiliwa, kubadilishwa na hata kuuzwa, mradi atajwe. Dawa hiyo ina uchungu wake. Karibu na mwaka 2009 kampuni ya VDM ya Ujerumani, kwa majina kama Alphascript na Betascript, ilianza kukusanya makala za Wikipedia, kuzitia majalada na kuziuza kwa oda kwa bei ya juu. Leseni iliruhusu. Walionunua wakidhani wanapata utafiti mpya walihisi wamelaghaiwa, na waandishi wa makala hawakuwa na la kudai. Lakini Wikimedia, taasisi inayoiendesha Wikipedia, ilikuwa imekwisha fanya mapatano na PediaPress, kampuni nyingine ya Kijerumani, ili msomaji ajichagulie makala mwenyewe, achapiwe kitabu chake, na sehemu ya mauzo irudi kwa Wikimedia. Leseni ni ile ile, mashine ni za aina ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye kitabu alijitokeza. Kwa hiyo sioni sababu ya kikundi kuogopa leseni huria. Kuwepo kwa toleo rasmi lenye jina la kikundi, bei ya haki na jalada linalotambulika ni kinga bora kuliko onyo kali la hakimiliki ambalo hakuna atakayelipeleka mahakamani. Ijulikane tu kwamba Amazon huhoji kitabu ambacho maandishi yake yanapatikana bure kwenye intaneti. Mwenye akaunti ataombwa athibitishe kuwa ana haki ya kukiuza, na hapo maandishi ya makubaliano ya wachangiaji yataitwa mezani.

ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, nayo hutolewa bure na kampuni hizi, na vikundi huipokea kwa furaha. Lakini namba ya bure ya Amazon huandika kwenye sehemu ya mchapishaji kwamba kitabu kimechapishwa kwa kujitegemea, kwa Kiingereza, na namba hiyo haiwezi kutumika kwa mchapaji mwingine. Jina la kikundi linatoweka pale ambapo maktaba na maduka huangalia kwanza. Tanzania namba hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kikundi kinachoomba kwao kinasajiliwa kama mchapishaji, na namba yake itakifuata kitabu kwa mchapaji yeyote.

Kuhusu matengenezo ya faili nisikae sana. Maelekezo yapo na yanaeleweka. Jambo moja tu hushangaza wengi. Kwa karatasi nyeupe ya Amazon, kitabu cha kurasa 300 kina mgongo wa milimita 17 hivi. Toleo jipya likiongezeka kurasa 40, mgongo unanenepa zaidi ya milimita 2 na jalada la zamani halikai tena sawasawa. Lazima lipimwe na lipangwe upya, na aliyelichora awe ameacha faili la asili, si picha yake. LibreOffice, kwa mfano, hutoa toleo jipya la programu kila baada ya miezi 6 hivi, na mwongozo wake wa Writer peke yake una zaidi ya kurasa 400. Watu wa kujitolea hawawezi kukimbizana na kasi hiyo kwa karatasi. Urahisi wa kubadili kitabu, ambao ndio sifa kubwa ya mfumo huu, unageuka kuwa deni kwa sababu msomaji anauona na anauuliza. Wa ofseti walikuwa na kisingizio: nakala za zamani hazijaisha.

Kuna pia vitabu ambavyo havifai kabisa kuchapwa hivi. Kitabu cha picha za watoto ni kimoja, kwa sababu ukurasa mmoja wa rangi hufanya kitabu kizima kihesabiwe bei ya rangi. Kingine ni kitabu cha nyimbo cha kwaya yenye waimbaji 400 wanaojulikana na wanaokihitaji wiki ileile. Hao waende kwenye ofseti, watapata bei nzuri zaidi.

Swali linalofuata ni la mahali. Nguvu ya kuchapa kwa oda ni kuchapa karibu na msomaji, na mashine za Amazon ziko Amerika ya Kaskazini, Ulaya, Japani na Australia. Msomaji wa Leicester au Minneapolis atapata kitabu cha Kiswahili mlangoni ndani ya siku chache. Msomaji wa Tabora atalipa nauli ya kitabu kutoka ng'ambo, pengine ikizidi bei ya kitabu, na wa Kenya ataongezewa VAT ya asilimia 16 ambayo imekuwa ikitozwa kwenye vitabu tangu sheria ya 2013. Ndoto ya kuzileta mashine karibu ilikuwepo: mwaka 2006 Maktaba ya Alexandria nchini Misri ilifungiwa Espresso, mashine inayochapa na kufunga kitabu kizima mbele ya mteja. Haikuenea. Ndiyo maana huwa nawashangaa wanaousifu mfumo huu kana kwamba umelifuta tatizo la usambazaji Afrika. Umelifuta Ulaya na Marekani.

Lakini hilo nalo si dogo, na waliolitambua mapema ni wachapishaji wa Kiafrika wenyewe. African Books Collective, umoja wao ulioanzishwa 1985 na kuweka makao Oxford, uliishi kwa ruzuku za wafadhili kwa miaka mingi, ukisafirisha vitabu kutoka Afrika na kuvirundika Uingereza vikisubiri wanunuzi. Mwaka 2007 ulianza kujiendesha wenyewe, nguzo yake ikiwa kuchapa kwa oda: kitabu cha Mkuki na Nyota, kampuni iliyoanzishwa na Walter Bgoya Dar es Salaam mwaka 1991, huchapwa upande ule pale chuo kikuu cha kule kinapokiagiza, huku nyumbani mchapishaji akichapa na kuuza kwa njia zake. Faili moja linazaa nakala sehemu mbili kwa wachapaji wawili.

Nadhani huo ndio mpango unaokifaa kikundi cha kwetu. Wana kikundi walioko Muscat, London na Toronto wanunue kwa oda kupitia kampuni ya nje. Walioko nyumbani wahudumiwe na mchapaji mwenye mashine ya kidijitali (Nairobi na Dar es Salaam wapo wengi siku hizi) anayekubali kutoa nakala 30 au 50 kwa safari, akafunga mgongo kwa gundi na kutia jalada leminesheni. Bei ya nakala moja itakuwa juu kuliko ofseti, lakini malipo hupita kwenye simu, mnunuzi hufuata kitabu mwenyewe au hutumiwa kwa basi, na kikundi hulipia tu kile kilichokwisha kuagizwa. Kikwazo ni uthabiti: mchapaji wa mtaani leo ana karatasi hii, kesho ile, na mgongo hubadilika nayo. Nakala ya majaribio ichapwe kila mara, ivutwe na kufunguliwa kwa nguvu kabla ya kulipia zilizobaki.

Jambo la mwisho ndilo ambalo karibu hakuna kikundi hulifikiria siku ya uzinduzi, nalo ni namna ya kukiondoa kitabu sokoni. Kitabu cha ofseti hufa chenyewe, nakala huisha. Cha oda hakiishi. Chukua ule mwongozo wa wauguzi wastaafu. Kipimo cha dawa kilichokuwa sahihi mwaka ulipoandikwa kinaweza kubadilishwa na wizara baada ya miaka mitatu, huku kitabu kikiendelea kuuzwa kikiwa kipya, karatasi nyeupe, wino wa jana. Mwenye akaunti peke yake ndiye anayeweza kuingia na kusitisha uchapaji. Hata akisitisha, ukurasa wa kitabu kwenye Amazon hubaki, kwa kuwa nakala zilizokwisha nunuliwa zaweza kuuzwa tena. Kwa hiyo tarehe ya toleo iandikwe juu ya jalada, si kwa herufi ndogo ndani, na katika mkutano ule ule unaoidhinisha kitabu kutoka, aandikwe kwenye kumbukumbu mtu atakayekisoma upya kila mwaka na mwenye mamlaka ya kukifunga. Kikundi kikivunjika kabla ya kuandika hilo, akaunti yake inaweza kuendelea kuuza kitabu kwa miaka, na fedha kuingia benki kwa mtu ambaye huenda amekwisha sahau inatoka wapi.